Mjadala: Je, mahakama ya Venisi ilimtendea Shylock haki?

Wapo wanaoshikilia kwamba hukumu tunayoisoma katika tamthilia ya Shakespeare, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi mwaka 1969, ni kielelezo cha haki, kwa kuwa mwanamke mwerevu, Portia, anamwokoa mdhamini, Antonio, kwenye kisu cha mkopeshaji katili, Shylock. Naipinga hoja hiyo, wala simtetei Shylock. Mtu anayenoa kisu kwenye soli ya kiatu mbele ya mahakama, mizani ya kupimia ratili ya nyama ya mwenzake ikiwa tayari, kisha anapoombwa walau amwite tabibu azuie damu anauliza kama hilo limeandikwa kwenye hati ya mkopo, ile inayompa nyama hiyo deni lisipolipwa kwa wakati, hana wa kumlaumu anapobanwa kwa maneno ya hati hiyohiyo.

Lakini ni nani anayehukumu? Mkopo wa dukati (sarafu za dhahabu) 3000 kwa miezi mitatu ulichukuliwa ili Bassanio, rafiki wa Antonio, aende Belmont kumposa Portia, na Antonio ndiye aliyemdhamini. Sasa Portia ameshaolewa na Bassanio na ameshaahidi kulilipa deni hilo maradufu kwa mali yake mwenyewe. Nyumbani ameaga kwamba anakwenda kusali kwenye nyumba ya watawa. Mahakamani anaingia kwa mavazi ya kiume na jina la bandia, akitanguliwa na barua ya jamaa yake, mwanasheria Bellario. Kesi ya ngedere imepelekwa kwa nyani, na Shylock, asiyejua lolote, anamsifu hakimu huyo kuwa ni Danieli, yule mwamuzi mwenye hekima wa Biblia. Leo hii hakimu akisikiliza shauri la mumewe kwa siri, hukumu yake haiwezi kusimama kwenye rufaa.

Yapo yanayoniumiza zaidi ya hayo. Hoja ya kwamba hati inaruhusu nyama lakini hairuhusu hata tone la damu ilitosha kumwokoa Antonio. Shylock akaomba arudishiwe mtaji wake tu aende zake, akakataliwa. Ndipo Portia, aliyekuwa amehubiri muda mfupi uliopita kwamba huruma hailazimishwi bali hushuka kama mvua kutoka mbinguni, alipoitoa sheria inayomhusu mgeni aliyekusudia kumuua raia. Mali ya Shylock ikagawanywa, na Antonio, ambaye zamani alimtemea mate na kumwita mbwa, akataka Shylock aiache dini yake ya Kiyahudi abatizwe, na amrithishe Lorenzo, kijana aliyetoroka na binti yake pamoja na fedha za nyumbani.

Najibiwa kwamba watazamaji wa wakati ule, katika Uingereza iliyowafukuza Wayahudi tangu mwaka 1290, waliuona ubatizo huo kuwa ni rehema. Huenda wengi waliuona hivyo, lakini tamthilia yenyewe haikuwaachia starehe hiyo. Kabla Portia hajaingia, Shylock anawakumbusha mabwana wa Venisi kwamba wanao watumwa waliowanunua, wanaowatumikisha kama punda na mbwa, na kwamba wakiambiwa wawaachie huru watajibu kuwa ni mali yao. Hakuna hata mmoja anayemjibu. Mtawala wa mji anasema tu kwamba anaweza kuahirisha kesi iwapo Bellario hatafika.

Basi wanaomtetea Portia wanieleze: Antonio alipokwisha kuwa salama, ni haki gani iliyokuwa imebaki kutendwa mle mahakamani?