Nataka kumpeleka mzee Kitulo na Rungwe kuangalia ndege, siku 5 zinatosha?

Binti_wa_Mwalimu

Wakuu habari za jioni, naomba msaada haswa kwa watu wa Mbeya na Rungwe, au yeyote aliyewahi kwenda kule kuangalia ndege. Mzee wangu ni mwalimu mstaafu, alifundisha baiolojia, sasa ana miaka 68 na tangu astaafu ugonjwa wake ni ndege tu. Ana kaunta buku ambamo ameandika kila ndege aliyemwona pale kwetu Morogoro, tarehe, saa, alikuwa kwenye mti gani, mpaka shomoro wa kwenye bati wamo. Kitu anachokiota ni mbayuwayu buluu wa Kitulo, alimsoma zamani sijui wapi na hajawahi kumwona.

Nimejichanga mwaka mzima nataka nimfanyie sapraizi. Likizo yangu ni Julai. Kampuni moja imenipa ratiba ya siku 5: siku ya kwanza Mbeya na ziwa Ngosi, ya pili kupanda kilele cha Rungwe, ya tatu Kitulo, ya nne Ruaha, ya tano kurudi. Wanasema "ndege 200 uhakika". Bei imenishtua ila naweza. Wasiwasi wangu ni magoti ya mzee, akitembea saa mbili lazima akae. Halafu kuna mtu kaniambia kule ni ukungu tu, mtu huoni hata mkono wako, sasa hao ndege 200 tunawaonaje? Naombeni ukweli, msinionee haya.

Kyimo_Kwetu

Dada karibu sana nyumbani, na hongera kwa kumkumbuka mzee.

Kwanza hiyo Julai ifute. Mbayuwayu buluu ni mgeni wa msimu, anakuja Kitulo kuzaliana wakati wa mvua, kuanzia kama Oktoba hadi Aprili hivi, na mvua zikikata anaondoka kwenda huko Uganda na magharibi ya Kenya. Julai ukifika Kitulo utakuta sakitu kwenye majani asubuhi, meno yanagongana, na mbayuwayu hayupo hata mmoja. Nashangaa hao waliokupa ratiba hawakukuuliza mzee anataka kuona nini, hilo ndilo swali la kwanza kabisa.

Pili, kilele cha Rungwe kwa magoti hayo hapana. Mlima unakaribia mita 3,000, njia ni mwinuko mkali, matope na mizizi, siku nzima kwenda na kurudi, sisi wenyewe tunarudi tunachechemea. Na kwa mtu wa ndege hakuna sababu ya kung'ang'ania kilele, ndege wa msituni wako huku chini kwenye miti mikubwa. Ngosi inawezekana, kama saa moja na nusu kutoka barabarani mpaka ukingoni kwa mwendo wa kawaida, mpe mzee saa tatu. Mwisho pale kuna kipande kinapanda kama ngazi, mtafutie fimbo. Ila ziwa mlitazame mkiwa juu, kuteremka majini ni shimo lile, mtarudi mmembeba.

Ruaha nayo wameitupia tu humo kama chumvi. Kutoka Mbeya mpaka Iringa ni zaidi ya kilomita 300, halafu bado zaidi ya 100 kufika hifadhini. Hiyo siku mtaangalia malori, siyo ndege.

Bongo_Kavu

Mimi nilishaenda huko na sirudi. Nililipa hela ndefu, siku mbili za Rungwe nimeona ndege tisa, nilihesabu, TISA, na wawili kati yao walikuwa kunguru wa pale lodge. Ukungu umeshuka saa mbili asubuhi haukuondoka mpaka tunaondoka. Na huyo mwongozaji baadaye nikagundua ni dereva tu, kila ndege ukimuuliza anajibu "huyo ni shomoro wa mlimani". Akawa anapiga sauti za ndege kwenye kispika cha bluetooth msitu mzima unalia kama stendi. Bora Usambara, nako ni milima ya volkano hivyohivyo na ni karibu na Dar.

Sikio_la_Msitu

Bongo_Kavu pole kiongozi, ila naomba nitofautiane na wewe kidogo, mimi kazi yangu ni kuongoza watu wa ndege huku kusini.

Msitu wa mawingu haufanyi kazi kama Mikumi, kwamba unakaa kwenye gari unanyoosha kidole. Unyevu unatoka ziwa Nyasa, unapandishwa na milima, ukifika juu unapoa na kuwa wingu, na wingu linakaa humohumo kwenye miti. Ndiyo maana kila tawi limevaa kuvumwani inayoning'inia kama ndevu, na okidi. Bila huo ukungu hao ndege wenyewe wasingekuwepo, kwa hiyo anayekuahidi siku isiyo na ukungu anakudanganya. Tunachofanya ni kutumia masikio. Mimi kati ya ndege kumi ninaowatambua kwa siku, saba au nane nimewasikia kwanza, na wengine hatuwaoni kabisa.

Nikupe mfano. Kuna zuwakulu mdogo sana, hafiki hata ukubwa wa kidole gumba na nusu, anagonga sauti moja tok tok tok kama fundi bati yuko mtaa wa pili, mteja anazungusha darubini dakika ishirini anaumia shingo. Nawaambia shusheni darubini, kaeni, sikilizeni sauti inatoka urefu gani, ni juu kabisa au katikati ya mti, kulia au kushoto. Ukishajua hapo, subiri kitu kitikise jani. Au shorobo, yule mkubwa wa kijani mwenye kishungi. Akitulia kwenye majani anapotea kabisa, ila anakoroma kama mzee aliyekabwa, na akiruka tu mabawa yanafunguka mekundu kama damu. Wekundu ule ni wa ajabu, ndani yake kuna madini ya shaba, siyo rangi ya kawaida ya ndege. Unamwona sekunde mbili. Lakini ukiwa umeshamsikia unajua uangalie wapi, hizo sekunde mbili zinakutosha.

Kuhusu kispika, hapo niko na wewe asilimia mia. Ndege akisikia rekodi anadhani kaingiliwa nyumbani kwake, anaacha kiota anakuja kupigana na simu. Hasa wakati wa kuzaliana ni dhambi. Mwongozaji anayepiga kispika kutwa nzima ana maana kwamba masikio yake hayajui kazi.

Dada, ukitafuta mwongozaji usimuulize "mtatuonyesha ndege wangapi". Muulize mbayuwayu buluu anajenga wapi kiota. Akikwambia kwenye miti au chini ya daraja, kata simu. Anajenga ndani ya mashimo ardhini, mara nyingi mashimo ya zamani ya muhanga (yule mnyama mchimba mashimo), ndani ya nyasi. Anayejua hilo hatakupitisha ovyo juu ya mashimo hayo pia.

Jiwe_Gumu

Marekebisho madogo kabla haijasambaa: Usambara SIYO volkano. Usambara, Pare, Uluguru, Udzungwa hizo ni Tao la Mashariki, miamba ya kale sana iliyoinuliwa. Rungwe ndiyo volkano, iko pale Bonde la Ufa linapogawanyika, tawi moja Rukwa, jingine Nyasa, jingine Usangu. Ngosi ni mlima uliobomoka kileleni ukabaki shimo lenye ziwa. Na jirani yake Kyejo ilitoa lava kama miaka 200 tu iliyopita, kijiolojia hiyo ni juzi asubuhi. Ukipita Kiwira mwonyeshe mwalimu Daraja la Mungu, ni lava, mto umetoboa chini yake.

Kote kuna misitu ya mawingu na kote kuna ndege wazuri, ila udongo na historia ni tofauti.

Bongo_Kavu

Sawa profesa nimekuelewa. Tisa ni tisa lakini 😂

Binti_wa_Mwalimu

Jamani mmeniokoa, Julai ningeenda kumwonyesha mzee sakitu. Nimeongea na bosi, likizo nimeisogeza mwishoni mwa Novemba. Ruaha na kilele nimevifuta. Je, ruhusa na malipo yakoje, na tubebe nini?

Kyimo_Kwetu

Mwishoni mwa Novemba ni pazuri, mvua zinaanza lakini barabara bado haijawa uji. Maua yenyewe yanachanganya Desemba mpaka Aprili, ndiyo ile "Bustani ya Mungu" wanayoisema, ila ukisubiri Februari gari linaweza kulala njiani.

Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005 kwa hiyo iko TANAPA, unapewa kontroli namba unalipa kwa simu. Rungwe na Ngosi ni misitu ya TFS (wakala wa misitu), hiyo ni kontroli namba nyingine, msije mkafika getini mkasema tumeshalipa. Njia ya Kitulo kwa mzee pitieni Isyonje, siyo Chimala. Ile ya Chimala wenyewe tunaiita hamsini na saba kwa hesabu ya kona zake, atafika kizunguzungu.

Vitu: gambuti, koti la mvua la kweli siyo la mfuko wa plastiki, sweta mbili, maana Kitulo ni kama mita 2,600 na Morogoro mmezoea joto. Ya kula usihangaike, viazi na ndizi na chai vipo mpaka mvikimbie.

Sikio_la_Msitu

Ongeza kipande cha kanga kuukuu cha pamba, kikae kikavu ndani ya mfuko wa nailoni. Darubini kwenye ukungu inapata mvuke kila dakika tano, na ukifuta kwa sweta unachafua kioo. Na mzee asiweke pumzi juu ya lenzi, avute darubini pembeni kidogo akihema.

Binti_wa_Mwalimu

Wakuu tumerudi juzi, nimeona siyo vizuri kupotea bila mrejesho.

Kituko cha kwanza kilikuwa Mbeya mjini. Mwongozaji kijana mpole kabisa kaja hotelini kajitambulisha kwa kiingereza-kiswahili, "shikamoo mzee, mimi ndiye gaidi wenu". Mzee alirudi nyuma hatua mbili kashika begi. Tulicheka mpaka Isongole. (Swali la shimo la muhanga alishalijibu kwenye simu bila hata kufikiri, ndiyo maana nilimchukua.)

Ngosi tulipanda kwa saa tatu na nusu, kukaa mara kumi na moja. Ukungu ulikuwa mzito kama nilivyoogopa, tulifika ukingoni ziwa hatukuliona, ni weupe mtupu kama tumefika mwisho wa dunia, tukala ndizi tukashuka. Njiani kijana akasimama ghafla akainua kiganja. Mimi sikusikia kitu. Mzee akafumba macho, akakaa hivyo kama dakika nzima, halafu akanyoosha fimbo taratibu kushoto juu akasema "pale, wawili, wanaitikiana". Kijana akamwangalia akasema mwalimu, leo mimi nipumzike wewe uongoze. Hatukuwaona hao ndege, lakini mzee alitembea kilichobaki kama hana magoti.

Rungwe tulikaa pembeni ya msitu tu, siku nzima, kwenye vigoda. Shorobo tulimwona, zile sekunde mbili, na ni kweli ule wekundu unashtua. Kuna wakati kitu kikabweka ndani msituni, sauti nzito, nikadhani mbwa wa mtu. Kijana akasema kipunji. Nyani ambaye wazee wa huku walikuwa wanamtaja siku zote na wageni wakidhani ni hadithi, mpaka 2003 wanasayansi walipomwona kwa macho. Hatukumwona na sisi.

Kitulo asubuhi ya kwanza ni ukungu na manyunyu, tumekaa kwenye gari tunakunywa chai ya chupa, mimi nahesabu hela zangu kimoyomoyo nasema basi tena. Alipita tandawala mmoja, yule ndege mkubwa wa miguu mirefu, anatembea polepole kwenye nyasi kama mkaguzi wa elimu, akaingia kwenye wingu. Saa nne na robo ukaja upepo, ukungu ukafunguka kama mtu kavuta pazia, na uwanda wote ukawa kijani mpaka macho yanauma. Mbayuwayu akapita chini chini juu ya nyasi, kama kimo cha goti. Mwanzo mweusi, akageuka juani akawa buluu ya wino, na ile mikia miwili mirefu kama nyuzi inafuata nyuma. Akazunguka mara tatu, akapotea upande wa bonde. Mzee darubini ilikuwa shingoni na hakuinyanyua kabisa. Nikamuuliza baba mbona hujaitumia? Akasema alisahau kama anayo.

Jumla ndege 61 kwa siku nne, Bongo_Kavu usicheke. Ila hesabu imeleta ugomvi, kwa sababu 23 kati yao tuliwasikia tu. Mzee alikuwa na msimamo kwamba asiyeonekana haandikwi. Usiku wa mwisho nikamkuta kwenye taa ya simu na rula, anachora mstari mpya kwenye kaunta buku kuanzia ukurasa wa kwanza, safu ya pembeni, juu kaandika NIMESIKIA. Anarudi nyuma kuwajaza na wa Morogoro, bundi wa kwenye mwembe anadai amemsikia miaka kumi na mbili na hakuwahi kumwandika.

Sasa anauliza Usambara. Jiwe_Gumu ameshaniambia siyo volkano, lakini magoti hayajali. Mwenye kujua Amani au Magamba kuna njia ya tambarare kidogo anisaidie, na gambuti namba 11 zinapatikana wapi, zile za Mbeya zilimbana.