Miguu inavimba na asubuhi haikanyagiki, asidi ya yuriki iko kawaida. Inaweza kuwa rumatoidi?

MamaWawili_Tanga: Habari zenu wapendwa, naomba msaada kwa anayejua. Dada yangu ana miaka 43, anauza chakula kwahiyo muda wote amesimama, tangu mwaka jana nyayo zinamuuma pale mbele vidole vinapoanzia, akiamka hakanyagi mpaka ashike ukuta, inapita saa nzima ndo miguu inafunguka. Aliambiwa ni jongo akaacha nyama na maharage lakini kipimo cha asidi ya yuriki, ile inayoleta jongo, kimetoka kawaida, na sasa vifundo vya miguu yote miwili vimejaa. Mikono haimsumbui sana. Je rumatoidi inaweza kuanzia miguuni? Na avae viatu gani, kila kiatu kinambana

nesi_wa_zamu: Pole yake dada. Inaweza kabisa, wapo ambao miguu ndo inatangulia. Jongo kwa kawaida humvamia mtu ghafla, mara nyingi usiku, kidole gumba cha mguu mmoja kinawaka hata shuka hataki limguse, halafu siku chache linatulia. Rumatoidi ni kinga ya mwili yenyewe inashambulia utando wa ndani ya viungo, mara nyingi inapiga pande zote mbili, na huo ugumu wa asubuhi wa saa nzima ndo umenishtua zaidi. Akaombe vipimo vya damu: RF na anti-CCP (vinatafuta dalili za rumatoidi kwenye damu), ESR na CRP (vinaonyesha kama mwilini kuna uvimbe), na eksirei ya miguu pamoja na mikono hata kama mikono haiumi. RF ikitoka negativu isiwe mwisho wa safari, wapo wagonjwa wa rumatoidi ambao RF haionekani.

Na jamani diklofenaki za kununua dukani miezi na miezi, hapana. Maumivu yanapoa ila mfupa unaendelea kuliwa, na tumbo na figo zinaumia. Kiungo kikishaharibika hakirudi: vidole vinajikunja, gumba linalalia wenzake, unyayo unakuwa bapa na kisigino kinapinda kwa nje.

raba_pana: Mimi ninao huu ugonjwa, najua anachosikia, ni kama unatembea na kokoto ndani ya kiatu. Viatu anunue jioni maana miguu ndo imevimba. Asimame peku juu ya karatasi, achorwe unyayo, akate huo mchoro aende nao sokoni auweke chini ya kiatu, ukitokeza pembeni hicho kiatu akiache hata kama ni cha bei rahisi. Raba za mitumba za kukimbilia zinafaa sana, mbele pana na juu pawe na nafasi vidole visikwaruzwe, soli nene isiyokunjika katikati, ziwe za kamba ili aachie akivimba. Ndala na vile viatu bapa vya soli nyembamba aachane navyo, kwenye sakafu ya jikoni ndo vinammaliza.

Akiweka pedi laini ya unyayo ndani ya kiatu iwe nyuma kidogo ya pale panapouma, ikikaa juu ya hapo panapouma penyewe inazidisha. Na sugu za chini ya unyayo asikate kwa wembe!! Soli za ndani za kupimiwa wanatengeneza hospitali ya KCMC Moshi, na ya CCBRT kwa walio Dar.

MamaWawili_Tanga: Asanteni sana nimeshukuru mno. Jirani yake ana rumatoidi anameza methotrekseti, sasa dada kasikia ni dawa ya kansa anaogopa hata kwenda kupima

nesi_wa_zamu: Mtoe hofu. Kwenye kansa dozi ni kubwa, kwenye viungo ni ndogo sana na inamezwa MARA MOJA KWA WIKI. Hilo mlishike, kuna watu wamekufa kwa kuimeza kila siku. Akiandikiwa achague siku yake aiandike juu ya boksi, apewe na vitamini ya asidi ya foliki, apimwe damu na ini kabla ya kuanza na kila daktari atakapomwita, na kama bado anapanga kuzaa aseme mapema maana haimezwi na mjamzito. Huchukua wiki 6 hadi 12 kuonyesha kazi, asiiache wiki ya pili akisema haimsaidii. Mpeleke mwenyewe kama unaweza, wiki hii hii.