Maiti ya Mkristo ikichomwa, atafufuliwa na mwili gani?

Mpanda Mbegu: Askofu Mkuu Manasses Kuria wa Waanglikana Kenya alipofariki 2005, mwili wake ulichomwa badala ya kuzikwa; wa mkewe ulitangulia 2002. Wa Wangari Maathai pia, 2011. Kila mara kelele ni ile ile: atafufukaje bila mwili? Paulo alishajibu, 1 Wakorintho 15: unapanda chembe tupu, si mmea wenyewe. Mnaotetea kaburi, mnatetea imani au sanduku la mninga?

Katekista: Sanduku amelitaja nani hapa? Wakatoliki tumeruhusiwa kuchoma maiti tangu 1963. Kanuni 1176 ya sheria za Kanisa inapendekeza kuzika, na haikatazi kuchoma ila kwa anayechagua kwa sababu zinazopinga imani. Mwaka 2016 Roma ikasema majivu yakae makaburini au mahali patakatifu: hakuna kuyanyunyiza baharini, hakuna kugawana, hakuna kuyatia kwenye kidani. 2023 ikalegeza kidogo tu. Hiyo mninga yako ni kejeli.

Fundi Tanuri: Mnasema "majivu" kama ya mkaa. Tanuri hufika nyuzi 800 hadi 1000, saa moja na nusu au mbili. Maji na nyama huishia hewani, inabaki mifupa. Inapozwa, vyuma vinatolewa, halafu inasagwa. Mtu mzima hutoa kilo mbili hadi tatu. Na kile kifaa cha mapigo ya moyo kitolewe mapema, betri yake hulipuka ndani. Kwa hiyo mnachozika ni mifupa iliyosagwa.

Msoma Kale: Hapo umenena. Watu wa Yabeshi-Gileadi walichoma maiti ya Mfalme Sauli, wakazika mifupa chini ya mkwaju, na Daudi akawabariki.

Katekista: Mwaloni.

Msoma Kale: Mkwaju! 1 Samweli 31:13, fungua.

Katekista: Fungua wewe 1 Nyakati 10:12. Mwaloni. Na moto wenyewe haumo, mwandishi kauruka kimya kimya. Jiulize kwa nini.

Mpanda Mbegu: Jamani, mwili wa ufufuo...

Dada Tabitha: Ngoja kwanza. Kiebrania cha Samweli ni *eshel*, mti wa jangwani wenye vijani kama magamba. Hauna uhusiano na ukwaju wa juisi. Wafasiri walichukua jina la mti tunaoujua. Ni aina ile ile ya mti Ibrahimu aliyopanda Beer-sheba.

Msoma Kale: Sawa, sio wa juisi. Lakini sio mwaloni pia.

Shemasi: Mnapigania kivuli. Waliowaua Wakristo wa Lyon, Ufaransa ya leo, mwaka 177 walichoma miili na kutupa majivu mto Rhône, makusudi wasifufuke. Kumbe hofu ya moto mmerithi kwa watesi! Na Mariamu Magdalene pale bustanini alimtazama Bwana aliyefufuka usoni akadhani ni mtunza bustani, mpaka alipoitwa jina. Wale wanafunzi wa njia ya Emau walimjua alipoumega mkate. Sura haikuwasaidia kitu.

Katekista: Soma mbele basi, Luka 24:39. "Roho haina mwili na mifupa." Akala na samaki wa kuokwa. Mifupa, Shemasi, mifupa!

Fundi Tanuri: Nilisema inasagwa.

Katekista: Wewe kaa na tanuri lako. Kuniita mrithi wa watesi, hilo Shemasi atalifuta kwanza.

Shemasi: Sifuti. Na ule mti haukuwa mwaloni.