Sanduku la Meccano la utotoni: nilipake rangi upya au niliache lilivyo?

MwanaTanga

Ndugu zangu, salaam. Ninalo sanduku la Meccano ambalo marehemu baba, aliyekuwa fundi katika karakana ya reli Tanga, alipewa mwaka 1962 na mhandisi Mwingereza aliyekuwa akifungasha mizigo kurudi kwao. Nilikuwa na umri wa miaka minane. Kwa wasioifahamu, Meccano ni vipande vya chuma vilivyotobolewa matundu kwa umbali uleule, ambavyo mtoto huviunga kwa bolti na nati, akatia ekseli, magurudumu na gia, hata akapata daraja, lori au winchi inayofanya kazi kweli. Aliyeibuni ni Frank Hornby wa Liverpool, aliyepata hataza yake mwaka 1901.

Mimi nilitaka winchi tu. Meli zilitia nanga mbali na gati, matishali yakazipelekea marobota ya mkonge, nami nilikuwa nikikaa ufukweni kutazama mizigo ikinyanyuliwa hadi mama aje kunitafuta. Winchi yangu niliijenga barazani, kamba yake ikiwa uzi wa cherehani na robota lake konzi ya singa za mkonge nilizozifunga kwa kitambaa. Nikizungusha mkono robota lilipanda vizuri, lakini nikiuachia tu linaporomoka. Jioni moja baba aliporudi kazini, hata kabla ya kuvua viatu, alichuchumaa, akazungusha kipande cha kamba kwenye puli, akakifunga kwenye kijiti cha chuma chenye matundu matano, akakikandamiza kwa kidole. Robota likasimama hewani. Hiyo ndiyo breki ya kwanza niliyoielewa maishani mwangu.

Sasa sanduku limerudi mikononi mwangu baada ya kukaa miaka mingi stoo, na hewa ya pwani imelila. Nauliza mambo matatu. Je, nitatoaje kutu bila kuharibu rangi nyekundu na kijani iliyobaki? Je, ni vyema kupaka rangi upya, kama anavyotaka mjukuu wangu? Na mbona bolti za milimita 4 nilizonunua dukani zinaingia mizunguko miwili au mitatu kwenye nati za zamani, kisha zinakwama?

FundiWaSaa

Shikamoo mzee. Naanza na bolti, kwa sababu hapo ndipo unapoweza kuharibu kitu kisichorudi. Tafadhali usizilazimishe. Bolti ya Meccano ni ya inchi 5/32 kwa Whitworth, kipimo cha zamani cha Kiingereza, na ina hesi (mifereji inayoizunguka bolti) 32 katika kila inchi. Ukiigeuza kwa milimita unapata unene wa karibu 3.97, na ndiyo maana bolti ya milimita 4 inaonekana kuwa ndiyo yenyewe. Tofauti iko kwenye hesi: ya milimita 4 husogea milimita 0.7 kwa kila mzunguko, na ya Meccano husogea takriban 0.79. Mizunguko ya mwanzo inavumiliana, kisha hesi zinapandana, na ukiongeza nguvu kwa spana unakula hesi za nati ya shaba yenye umri wa miaka sitini.

Ukishindwa kupata bolti za asili, tumia za milimita 4 pamoja na nati zake zenyewe, na ziweke katika kopo la peke yake zisichanganyike na za zamani. Matundu yatazipokea bila shida. Yapo pia maduka ya Uingereza yanayouza bolti mpya za kipimo kilekile, na hayo ndiyo ningeyapa fedha zangu.

Bi_Mkusanyaji

Shikamoo baba. Ninaishi Leicester, na kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikikusanya Meccano, baada ya kaka yangu kuninyima yake tulipokuwa watoto Nairobi kwa kuwa mimi ni msichana. Nimefika hadi Skegness, mji wa pwani huku Uingereza, ambako wapenzi wake walikutana kuonyesha walichojenga, na huko nimeona kreni ndefu kuniliko, kila gia yake ikizunguka.

Kuhusu rangi, nakuomba kwa moyo wote usipake. Rangi ndiyo cheti cha kuzaliwa cha vipande hivi. Vya mwanzo havikuwa na rangi, vilikuwa vya chuma chenye kung'aa. Nyekundu na kijani zikaingia mwaka 1926. Mwaka 1934 yakaja mabamba ya buluu yenye mistari ya dhahabu iliyopishana, ambayo wakusanyaji huyasaka sana. Baada ya vita nyekundu na kijani zikarudi, hadi njano na nyeusi ziliposhika nafasi mwaka 1964. Sanduku lako kwa hiyo linaeleza umri wake lenyewe, na ukilipaka rangi ya dukani litanyamaza.

Kusafisha ni jambo jingine, na hilo ni wajibu. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, kausha papo hapo kwa kitambaa kisha juani, halafu pitisha mafuta ya cherehani kwa pamba na uyaache usiku kucha. Kutu nyepesi itatoka kwa kusugua. Najua kwetu pwani mkono hukimbilia ndimu, lakini asidi ya ndimu au siki huondoa zinki iliyopakwa juu ya chuma, na kwa unyevu wa Tanga utaona kutu mpya baada ya siku chache. Wala usikwangue rangi kwa msasa mkavu, hasa mjukuu akiwa karibu, kwa maana rangi za zamani mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Mjenzi_Arusha

Namheshimu dada wa Leicester, ila naona anamfunga mzee mikono. Vipande vilivyokwisha kuliwa hadi chuma kitupu havina cheti cha kulindwa. Hivyo vipakwe, vijengewe, na vile vyenye rangi nzuri vihifadhiwe. Kichezeo kilichofungiwa kabatini hakimfundishi mtoto kwa nini gia ya meno 57 ikishikana na ya meno 19 nguvu inaongezeka mara tatu huku mwendo ukipungua mara tatu. Mtoto lazima aishike mwenyewe.

Jambo la ziada: pima umbali kati ya katikati ya tundu moja na jingine. Meccano ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Nilisoma Praha, na huko watoto walikuwa na Merkur, ambayo matundu yake yamepishana milimita 10 na bolti zake ni za milimita 3.5, hivyo haziungani na za Kiingereza. Masanduku ya aina hii huchanganywa na watoto wa jirani. Na asidhani mtu kwamba huu ni mchezo wa watoto tu: mwishoni mwa mwaka 1961 mwanakemia Otto Wichterle alitengeneza lenzi laini za kuvaa machoni nyumbani kwake kwa mashine aliyoiunda kwa vipande vya Merkur vya wanawe.

MwanaTanga

Nawashukuru nyote. Nimepima, na vyote ni vya nusu inchi isipokuwa vipande vinne ambavyo sijui vilitoka wapi. Nimeosha na kupaka mafuta kama Bi_Mkusanyaji alivyoelekeza. Kwenye kipande kirefu cha kijani, chini ya kutu, imejitokeza herufi ya jina langu ambayo baba aliikwaruza kwa msumari ili kisichanganyike na cha mtoto wa jirani. Kipande hicho hakitapakwa rangi maadamu mimi ni hai. Vile saba vilivyoliwa kabisa nimemwachia mjukuu avipake, na amechagua buluu.

Winchi imesimama tena barazani, ikiwa na breki ya kamba. Kasoro iliyobaki ni gia ya meno 57, inayozunguka bure kwenye ekseli kwa kuwa parafujo yake ndogo ya kubania imepotea. Mwenye nayo ya hesi za zamani naomba aniambie, nitalipia pamoja na gharama za posta.