Mkandarasi kaiangusha hifadhidata yetu, halafu kaleta ankara ya "dharura"!

Wakuu, tangu Jumamosi sijalala vizuri, kwa hiyo lugha ikiwa kali mnivumilie.

Ofisi yetu ipo Posta. Tuna seva mbili za IBM Power zinazobeba mashine pepe kumi na kitu, mojawapo ni ya hifadhidata, ile ambayo ikilala kaunta zote zinasimama. Mwezi uliopita tulimwita mkandarasi, simtaji maana barua bado zinaandikwa, atuhamishe kutoka adapta pepe za SCSI (njia ya mashine pepe kufikia diski zake) kwenda za faiba chaneli, yaani NPIV. Zile za SCSI zilituchosha: kila diski lazima ishikwe kwanza na VIOS, ile mashine pepe maalumu inayozigawia nyingine vifaa, uifunge kwenye vhost yake (adapta ya upande wa VIOS), ndipo mashine pepe iione. Kwa NPIV mashine pepe inakuwa na namba zake za WWPN, yaani vitambulisho vyake kwenye mtandao wa diski, na inaona diski zake moja kwa moja kwenye storeji. VIOS inabaki kupitisha tu.

Wakaja vijana wawili, mashati yamenyooka, laptopu zimejaa stika. Wakaongeza adapta mashine ikiwa inafanya kazi, wakahamisha rootvg (diski zenye mfumo endeshi), wakaondoa za zamani. Tukapiga lspath, amri ya kuonyesha njia za diski, njia zote Enabled. Tukasaini makabidhiano, wakaondoka.

Kumbe hawakuhifadhi kitu kwenye profaili!

Kwa wasiozijua hizi mashine: adapta ukiiongeza mashine ikiwa hewani, inaingia kwenye usanidi wa wakati huo tu. Profaili, ambayo HMC (kompyuta ya kusimamia seva hizi) inaisoma mashine inapowashwa kutoka sifuri, inabaki na mambo ya zamani. Ukiriboti AIX, mfumo endeshi wake, kawaida huoni tofauti yoyote. Siku ukiizima kabisa na kuiwasha kwa profaili, ndipo utajua hujui. Na dawa yake ni kitendo kimoja pale HMC, kuhifadhi usanidi wa sasa kwenye profaili. Kimoja!

Jumamosi saa nne usiku tukaizima kuongeza kiwango cha juu cha memori, ambacho hakibadiliki bila kuzima na kuwasha kwa profaili. Hapa nakiri: nilihariri upande wa memori, upande wa adapta sikuufungua. Niliamini kazi ya watu waliolipwa. Mashine ikawaka na adapta zilezile za SCSI za zamani, nyuma yake hakuna diski hata moja. Naingia SMS, menyu ya kabla mfumo haujawaka, natafuta pa kuwashia, orodha tupu.

Nikampigia fundi wa mkandarasi. "Mkuu, hakuna shida, nakuja." Kutoka Goba kwa bodaboda, saa saba usiku kafika. Bila kuuliza kitu akafungua profaili, akatengeneza adapta mpya za faiba chaneli, sloti zilezile, VIOS zilezile, akawasha. Diski hakuna. Akazima, akawasha tena. Hakuna.

Jamani, HMC hairudii namba! Adapta ikishapotea, ukitengeneza nyingine unapewa jozi mpya ya WWPN hata kama umeiweka sloti ileile. Swichi na storeji zinazijua za zamani, hizi mpya kwao ni mgeni asiye na kitambulisho. Fundi anakodolea kioo, ananiambia zinafanana. Ndiyo zinafanana, zote zinaanza na c05076! Ni tarakimu 16, tofauti iko mwishoni. Ushauri wake? Tusubiri Jumatatu mtu wa storeji abadilishe zoni, yaani orodha ya swichi ya nani anaruhusiwa kumwona nani. Na Jumapili wateja tuwaambie nini?

Nikaingia kwenye swichi mwenyewe. Namba za zamani bado zilikuwepo kwenye zoni. Dogo wa zamu akanisomea tarakimu moja moja, mimi naandika, tukarudia mara mbili. Kisha amri ya chsyscfg kwenye HMC, maana kwa mstari wa amri unaruhusiwa kuzitaja WWPN unazotaka. Upande wa VIOS ramani ya vfcmap, inayounganisha adapta pepe na adapta halisi, haikuguswa. Nikawasha, rootvg hiyo hapo. Hifadhidata imeamka na adhana ya alfajiri inasikika, fundi kasinzia kwenye kiti.

Kabla ya kwenda nyumbani nikakagua profaili za VIOS zote mbili. Nazo hivyohivyo, adapta mpya hazimo! Yaani siku tungezima VIOS moja ingekuwa msiba mwingine.

Sasa jana imeingia ankara: "huduma ya dharura nje ya saa za kazi". Na usafiri juu! Mnilipishe bodaboda ya kuja kutazama kosa lenu wenyewe?

Bosi anataka jibu kabla ya Ijumaa, na mhasibu anasema tulishasaini makabidhiano. Aliyewahi kuigomea ankara ya namna hii akashinda, aniambie barua aliiandikaje.