Kuogesha mjusi: beseni, kinyunyizio au sanduku la unyevu? Jumamosi naenda soko

Mutoto_wa_Kampemba
Jambo ndugu wote. Niko na mjusi nyumbani hapa Lubumbashi tangu mwezi wa tatu, jirani aliyerudi kwao ndiye aliyetuachia. Siku hizi ngozi yake imepauka, inabanduka vipande vipande, na leo ni siku ya nne hajapata choo. Wengine wananiambia nimwogeshe kila siku. Wengine wanasema kumnyunyizia maji kunatosha. Kuna mmoja ananishauri nimtengenezee sanduku lenye kitambaa kibichi, aingie mwenyewe akitaka. Jumamosi naenda soko na pesa yangu inatosha kitu kimoja: beseni pamoja na kipimajoto, au kinyunyizio kizuri. Nichukue nini?

Yaya_Terario
Mjusi gani, ndugu? Kenge ukimpa maji ataogelea mpaka jioni. Kinyonga ukimtumbukiza kwenye beseni unamtesa, yeye analamba matone kwenye majani. Taja aina, urefu, umri, dume au jike, taa gani anaota, na joto lililo chini ya hiyo taa. Bila hayo tutakuwa tunabahatisha na mnyama wa watu.

Mutoto_wa_Kampemba
Pole yaya. Ni pogona, yule mwenye miiba kwenye kidevu. Karibu sentimita 40 pamoja na mkia. Taa ni ya kawaida ya nyumba. Joto sijapima. Umri jirani hakuniambia.

Mama_Ruashi
Basi chukua kinyunyizio, mwanangu. Pogona asili yake ni bara kavu la Australia, kule hakuna mtu anayemtilia maji kwenye beseni. Mimi wangu namnyunyizia asubuhi taa ikiwa imeshawaka. Tone linateremka katikati ya macho mpaka kwenye ncha ya pua, linatulia hapo, naye anafumba jicho moja na kuanza kulamba polepole, ulimi ukitoka na kurudi. Anakunywa hivyo dakika tano nzima. Bakuli la maji hata halitazami. Na mboga nazipa zikiwa bado na maji ya kuoshea.

Beseni_tu
Mama, kwa kunywa nakubaliana nawe. Lakini ngozi iliyonasa kwenye vidole haitoki kwa matone. Ikibaki imekaza kidole au ncha ya mkia, damu haipiti, kidole kinakuwa cheusi na kinakatika. Mimi nimeogesha miaka mitatu, mara moja au mbili kwa juma, na kila siku akiwa anajivua. Maji yafike kwenye kiwiko cha mguu wa mbele, yasipite hapo. Joto digrii 32 mpaka 35, dakika 10 hadi 15. Weka jiwe ndani apate pa kushika, na usiondoke hata kama simu inalia. Halafu ngozi usiivute kamwe. Isugue na mswaki laini, inayokataa iache.

Na kwa choo, maji ya vuguvugu ni dawa. Wangu hamalizi dakika tano. Akishachafua, mtoe, mwaga, tia mengine, maana atayanywa yaleyale.

Katuba84
Naomba mnisikilize kabla huyu ndugu hajanunua beseni.

Wangu nilimwogesha jioni, mwezi wa saba. Mnajua baridi ya mwezi wa saba hapa kwetu, usiku unashuka chini ya digrii 10. Nilirudi kazini saa kumi na mbili na nusu, nikaona amechafuka, nikasema nimsafishe haraka alale vizuri. Maji yalikuwa sawa, nilijaribu kwa kifundo cha mkono. Nikamtoa, nikamfuta juujuu, nikamweka chini ya taa. Hata robo saa haikupita umeme ukakatika. Nikangoja urudi. Haukurudi. Nilipomshika saa tatu alikuwa baridi kama jiwe la mto, kidevu kimekuwa cheusi, vidole vimekamata shati langu havitaki kuachia. Nikawasha mbabula, lile jiko la mkaa, sebuleni, mke wangu akaniambia moshi wa makala utammaliza kabisa, nikamtia ndani ya shati kifuani. Tulilala hivyo.

Asubuhi alifungua macho nikafurahi. Siku ya tano akaanza kuinua kichwa na kuachama, puani vipovu vidogovidogo. Muganga wa wanyama niliyempata alikuwa amezoea mbuzi na mbwa, alinieleza wazi kwamba hajawahi kumtibu mjusi, lakini alijaribu. Siku ya kumi na moja tukamzika nyuma ya nyumba. Binti yangu bado ananiuliza kwa nini nilimwogesha usiku, na sina cha kumjibu.

Kwa hiyo ukiogesha, iwe asubuhi, jua limeshapanda. Umkaushe mpaka makwapani na chini ya tumbo. Kama umeme kwenu hauna uhakika, usiogeshe kabisa.

Mama_Ruashi
Pole sana, baba. Nimesoma huku nimemshika wangu.

Kafubu_Reptilia
Pole kaka. Faida nyingine ya kuogesha ni kwamba pogona anafyonza maji kupitia tundu la haja, njo maana...

Yaya_Terario
Hapana Kafubu, hili tuliache. Linarudiwa kila mwaka na hakuna aliyelithibitisha. Magamba yake yameumbwa kuzuia maji yasipite, ndiyo maana anaishi kwenye ukavu. Akinywa anakunywa kwa mdomo.

Kafubu_Reptilia
Miye niliona kwa macho, alikuwa amekauka, macho yameingia ndani, nikamlaza kwenye maji, akaamka.

Yaya_Terario
Aliamka kwa sababu alipata joto, na bila shaka alipiga mafunda mawili matatu. Sikatai uliyoyaona, nakataa ile njia.

Mama_Ruashi
Na beseni hilo lisiwe la jikoni! Mijusi hubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha, hata wakiwa wazima. Beseni lake peke yake, maji yamwagwe chooni, mikono ioshwe kwa sabuni. Kama kuna mtoto chini ya miaka mitano nyumbani, asiguse.

Beseni_tu
Kweli mama. Mutoto, hujajibu: anakula nini, na anafanya nini mchana? Joto lisipotosha chakula hakisagiki, na hapo hata umwogeshe mara kumi.

Mutoto_wa_Kampemba
Alikuwa anakula panzi na majani ya maboga, juma hili amekataa. Mchana anachimba. Anakwaruza kona ile moja tu mpaka kucha zinalia kwenye ubao, na usiku pia. Tumbo limejaa pembeni, ukimgusa unasikia kama maharagwe.

Yaya_Terario
Ndugu yangu, hayo ulipaswa kuyasema mwanzo. Huenda huyo ni jike na ana mayai. Pogona jike anataga hata kama hajawahi kukutana na dume. Asipopata pa kuchimba anaweza kuyazuia tumboni, na hilo linaua. Acha habari ya beseni leo. Mtafutie ndoo pana, mtilie mchanga.

Beseni_tu
Maji ya vuguvugu hayamdhuru mwenye mayai, yanamlegeza.

Katuba84
Yanamchosha! Ana kazi kubwa mbele yake, mwacheni na nguvu zake.

Mutoto_wa_Kampemba
Sikungoja Jumamosi. Nimeazima kipimajoto: chini ya taa ni digrii 27.

Yaya_Terario
Ni baridi mno. Mahali pa kuota pafike 38 mpaka 42. Mtoe pia juani asubuhi, umsimamie, na kivuli kiwe karibu. Jua la kupitia kioo cha dirisha halimpi ile miale ya UVB anayohitaji kwa mifupa, na maganda ya hayo mayai yanatafuna kalsiamu yake.

Kafubu_Reptilia
Akirudi kula, panzi ni sawa. Inswa, yaani kumbikumbi, nazo kidogo sawa zikitoka. Vimulimuli hapana, hata kimoja, kinamuua.

Mutoto_wa_Kampemba
Aksanti wote. Ndoo nimepata, mchanga wa ujenzi nimeuchekecha. Uwe na maji kiasi gani?

Yaya_Terario
Ukiukamata ngumi ushikane, ukifungua mkono usimomonyoke. Kina sentimita 20 au zaidi. Mweke humo, funika na kitambaa upande mmoja, halafu toka chumbani. Wakitazamwa hawatagi.