MREJESHO: Sakafu ya chipubodi iliyovimba kwenye nyumba ya trela

Wakuu, asanteni sana kwa majibu yenu kuhusu sakafu ya chipubodi (ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi) iliyovimba karibu na choo kwenye trela yetu hapa Marekani. Aliyesema nianze na chanzo cha maji alikuwa sahihi kabisa: pete ya nta chini ya choo, ile inayoziba maungio ya choo na bomba la maji machafu, ilikuwa inavujisha. Nimeibadilisha, nikakata chipubodi iliyooza hadi katikati ya boriti, nikaweka plaiwudi ya inchi 5/8, unene uleule, kingo zote zimepakwa praima ya mafuta (rangi ya kwanza ya kuzuia maji) kabla ya kufunga skrubu. Chini ya nyumba nimetandaza nailoni ya mil 6 (unene wa inchi 0.006) kuzuia unyevu wa ardhini, vipande vikipishana inchi 12. Pamekauka.

Praima juu ya sehemu iliyokwishavimba haikusaidia. Chipubodi ikishavimba hairudi, na ile iliyobaki chini ya ukuta bado inabonyea.